Karakana ya Wasomaji: Springi ya kitasa cha mlango wa gari la zamani

Safari hii barua zote tunazozijibu ni za kitasa cha mlango, na karibu zote zinaishia kwenye springi. Kwa magari yanayolala karibu na bahari hilo si ajabu.

SWALI: Habari za kazi, mafundi wetu. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1976. Mlango wa dereva ukiufunga unarudi nyuma, ulimi wa kitasa haurudi nje wenyewe. Nimekifungua nikakuta springi ya kuzunguka pini imekatika mguu mmoja. Nimeambiwa niagize kitasa kizima Dar es Salaam, na bei niliyotajiwa imenishinda. Kwa sasa mlango naufunga kwa tyubu ya baiskeli. Je, springi peke yake haiwezi kubadilishwa?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

JIBU: Inawezekana, na kwa gari lako ndiyo njia tunayoipendelea, mradi ulimi wenyewe na pini yake havijalika. Ila hiyo tyubu iondoe leo. Mlango uliofungwa kwa mpira unamnasa aliye ndani siku gari likipinduka au likishika moto. Gari likae mpaka kazi iishe. Ni kazi ya nusu siku.

Kabla hujakunja waya wowote, itazame springi iliyokatika kwenye mwanga wa jua, ukiwa na kioo cha kukuza kama unacho. Mahali ilipokatika pataeleza sababu. Ukiona doa jeusi la kutu upande mmoja na sehemu iliyobaki inang'aa, ni chumvi: hewa ya bahari imechimba kishimo kwenye waya, na ufa umeanzia hapo. Ikiwa imekatika kwenye kona ya mguu na pana alama ya meno ya plaizi, kosa ni la aliyeikunja. Na ukiona koili zimesuguliwa zikang'aa kwa ndani, springi ilikuwa inajikwaruza kwenye pini, pengine kwa sababu grisi ya zamani imegeuka gundi. Hiyo ya tatu ndiyo inayowarudisha watu gereji, kwa sababu ukiweka springi mpya juu ya pini nzito, nayo itakufa vilevile.

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote: kitasa kikiwa mlangoni, kikiwa mezani, na springi ikiwa bado mahali pake, miguu yake ikionekana inaegemea wapi. Skurubu zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni iliyotangulia. Mlango wa Land Rover una bati la aloi ya alumini na chuma ndani yake, na chumvi ikiingia katikati ya hivyo viwili alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona pembeni mwa skurubu ni alumini iliyokwisha kuoza, nao ndio unaozishika skurubu. Tumia bisibisi inayojaa kichwa cha skurubu, igonge nyundo kidogo ukiwa umeikandamiza, ndipo uzungushe. Boliti na nati zitunze zilezile. Gari hili lina nyuzi za inchi, na boliti ya M6, yaani ya milimita sita, huwa inaingia kwenye nati ya robo inchi ikicheza, kisha ukikaza inang'oa nyuzi zote.

Kitasa kifungulie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mikono yako ikiwa humo, na uvae miwani. Hata mguu uliobaki unaweza kuwa umebanwa, na springi ikiruka kwenye sakafu ya mchanga hutaiona tena. Kama bamba zake zimeshikwa kwa ripiti, toboa kichwa cha ripiti tu, polepole, kwa keekee. Usipanue tundu.

Sasa pima. Utahitaji vernia, kile kipimo chenye taya kinachosoma hadi sehemu ya milimita, na vitu sita viandikwe kwenye karatasi: unene wa waya, kipenyo cha ndani cha koili, idadi ya mizunguko, urefu wa kila mguu, pembe kati ya miguu miwili springi ikiwa haijabanwa, na upande inaozungukia. Pembe usiiamini kwa springi iliyochoka. Ipime kwenye kitasa cha mlango wa pili kama bado ni kizima. Na hapo kuna mtego. Springi ya mlango wa kulia na ya mlango wa kushoto ni kama kandambili, kila moja na upande wake. Springi ya namna hii lazima ifanye kazi ikijikaza, koili zikibana, siyo zikifunguka. Ukichukua ya kushoto ukaigeuza ikae kulia, itasukuma siku chache, kisha mguu unaanza kufunguka na unavunjika.

Waya unaofaa ni waya wa springi, chuma chenye kaboni nyingi kilichovutwa baridi. Usipoupata dukani, upo kwenye tairi. Ukingo wa tairi unaokaa kwenye rimu una ringi ya nyaya ngumu sana, rangi yake ya shaba nyeusi kidogo, na unene wake mara nyingi ni kati ya mm 0.9 na mm 2 kulingana na tairi. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: waya uwe umetolewa kwa kisu, si kwa moto. Tairi likichomwa, waya unapoteza ugumu wake wote, na springi utakayokunja itabaki pale ulipoisukuma. Kwa hiyo nenda kwa fundi wa katambuga, anayekata matairi mabichi, umwombe ukingo anaoutupa. Achana na nyaya zilizookotwa jalalani. Jaribu hivi: ukunje waya kama upinde kwa mikono miwili, kisha uachie. Ukirudi ulivyokuwa, chukua. Ukibaki umepinda, uache.

Tuseme springi yako ni ya waya wa mm 1.6, kipenyo cha ndani mm 10, mizunguko mitano, miguu ya sentimita 4. Mzunguko mmoja unakula karibu mm 36, kwa hiyo mitano ni mm 182, na miguu miwili mm 80. Jumla ni sentimita 26 na kidogo. Kata 35 ili upate mahali pa kushika. Pini ya kukunjia isiwe ya mm 10, maana waya wa springi ukiachiwa unafunguka. Anza na ya mm 8.5, ukunje ya majaribio, uipime, kisha uongeze au upunguze unene wa pini. Ncha ya waya na pini vibanwe pamoja kwenye jiliwa, uzungushe waya ukiuvuta kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Usiuachie ghafla. Unarudi kwa kasi, na ndio unaokata vidole.

Koili zisibane pini ya kitasa. Springi inapojikaza kipenyo chake kinapungua, hivyo iachie nafasi ya karibu sehemu moja ya kumi: pini ya mm 9 kwa springi ya mm 10. Kona za miguu zikunjwe kwa plaizi yenye mdomo wa mviringo, na kona iwe ya mviringo, nusu kipenyo chake kisipungue unene wa waya wenyewe. Kona kali, iliyobanwa kwa meno, ndiyo mahali springi itakapokatikia tena.

Halafu inakuja hatua ambayo mafundi wengi wanairuka: kuipasha springi moto kidogo ili itulie. Nyuzi joto 220 hadi 250 kwa nusu saa, kisha ipoe yenyewe hewani, bila maji. Oveni ya nyumbani inatosha. Kama huna oveni, tumia sufuria kuukuu lenye mchanga juu ya jiko la mkaa. Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa ukakauka. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo unayoikimbia. Fukia springi mchangani, na juu yake laza msumari uliousugua kwa msasa hadi ukang'aa. Utaona msumari unabadilika rangi. Ukifika manjano hafifu, kama nyasi kavu, joto ndilo hilo. Sogeza mkaa ili libaki hapo. Ukiingia zambarau au bluu umepitiliza, na springi itakuwa imeanza kulegea. Koili zitajikaza kidogo baada ya joto, kwa hiyo miguu iache mirefu, uikate ukishaipima ndani ya kitasa.

Kitasa kioshe kwa mafuta ya taa na mswaki hadi pini ing'ae, ukikaushe. Pini ipate grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje mbili za mchele, basi. Rudisha springi kwa kufuata picha, mguu wa kwanza kwenye mwili wa kitasa, wa pili ukisogezwa kwa bisibisi nyembamba hadi mahali pake kwenye ulimi. Usukume ulimi kwa kidole gumba mara ishirini. Kila mara urudi wenyewe hadi mwisho, kwa mlio mmoja mkavu. Ukirudi kwa kusitasita hata mara moja, fungua tena utafute kinachosugua.

Kitasa kikisharudi mlangoni, mlango usiufunge bado. Uache wazi, ingiza shina la bisibisi kwenye kitasa kama vile ndilo chuma cha kwenye nguzo ya mlango, kile kinachoshikwa na ulimi, kijifunge. Sasa kifungue kwa mkono wa nje. Kifunge tena, ukifungue kwa mkono wa ndani. Vyote viwili vikikubali, ndipo ufunge mlango. Kosa dogo la mguu wa springi likigundulika mlango ukiwa umefungwa, utalazimika kukifikia kitasa bila kuweza kuufungua mlango.

SWALI: Nina Peugeot 504 pikapu. Fundi alinitengenezea springi ya kitasa kwa spoku ya baiskeli, ikakaa wiki mbili ikalegea. Akaweka nyingine ya spoku nene ya pikipiki. Sasa ulimi unarudi kwa nguvu lakini mkono wa nje ni mgumu, mwanangu hawezi kuufungua kabisa. Nimwambie afanye nini?
*Baba wa watatu, Lindi mjini*

JIBU: Mwambie arudi kwenye unene wa springi ya awali, ila abadilishe waya. Springi ya kwanza ililegea kwa sababu spoku haikutengenezwa kujipinda na kurudi maelfu ya mara. Ina nguvu ya kuvutwa, ndiyo kazi yake kwenye gurudumu, lakini ikikunjwa mara nyingi inakubali umbo jipya. Fundi akadhani tatizo ni wembamba.

Unene wa waya ndio unaotawala springi kuliko kitu kingine chochote: ugumu unapanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne. Waya wa mm 1.6 ukibadilishwa kwa wa mm 2, vingine vyote vikibaki vilevile, springi inakuwa ngumu karibu mara mbili na nusu. Tofauti ya mm 0.4 haionekani kwa jicho, lakini kidole cha mtoto kinaiona. Ndiyo maana tunasisitiza vernia. Rula haitoshi kwa kazi hii. Ukitaka kuongeza nguvu kidogo tu, punguza mzunguko mmoja. Kutoka sita kwenda tano unapata ugumu zaidi kwa asilimia 20, na mkono bado utavutika.

Usiendelee kuuvuta huo mkono kwa nguvu. Mikono mingi ya magari ya enzi hizo imemiminwa kwa aloi ya zinki na kupakwa kromu. Haipindi, inavunjika tu, na kuupata mwingine ni kazi kubwa kuliko springi. Tena mtoto asiyeweza kufungua mlango asikae upande huo hadi urekebishwe.

SWALI: Kaka zangu, naomba msaada. Land Rover ya marehemu baba tumeibadilishia springi ya kitasa mlango wa kushoto. Springi ni nzuri, ulimi unaruka vizuri ukiusukuma. Lakini mlango unafunga nusu, unashika hatua ya kwanza tu, na barabara ikiwa mbaya unagonga muda wote. Tumekosea wapi?
*Msomaji, Nachingwea*

JIBU: Pole kwa msiba, dada yetu. Hamjakosea kwenye springi. Kitasa cha namna hiyo kina hatua mbili: ya kwanza ni ya usalama, mlango usifunguke wote ukikosa kushika, ya pili ndiyo inayoubana. Kinachowazuia kufika ya pili kiko nje ya kitasa.

Anza na bawaba. Fungua mlango kidogo, shika ncha yake ya chini, uunyanyue. Ukipanda na kushuka huku bawaba ikicheza mbele ya macho yako, pini au bushi zimelika, na ulimi unafika kwenye nguzo ukiwa chini ya mahali pake. Rekebisheni hapo kwanza. Kuhamisha chuma cha kwenye nguzo ili kiufuate mlango ulioshuka ni kuficha ugonjwa.

Bawaba zikiwa nzima, paka chaki nyingi kwenye ulimi, funga mlango taratibu, fungua. Chaki itaacha alama kwenye kile chuma cha nguzo. Alama ikiwa katikati, urefu uko sawa. Ikiwa juu au chini, chora mstari wa penseli kuzunguka chuma hicho ili usipoteze mahali pake pa zamani, legeza skurubu zake kiasi cha kusogea kwa kugongwa na mpini wa nyundo, sogeza mm 1, kaza, jaribu tena. Mm 1 kwa mara moja, si zaidi. Alama ikiwa katikati na bado haushiki hatua ya pili, chuma kipo ndani mno: kisogezeni nje kidogo, upande wa barabarani, mm 1 vilevile. Na kama ulimi unakigusa kwa ncha tu, kikalishieni juu ya kipande cha bati ili kiufikie.

Angalieni pia mpira wa kuzunguka mlango. Mpira mpya, hasa usio wa gari hilo, unaweza kuwa mnene kiasi kwamba unausukuma mlango nje kabla ulimi haujafika. Utoeni wote, mfunge mlango bila mpira. Ukishika hatua zote mbili, mshitakiwa ni mpira.

SWALI: Vitasa vyangu vina kutu sana. Je, ni sawa kuviloweka kwenye maji ya betri usiku kucha? Kutu inatoka safi kabisa.
*Fundi kijana, Mikindani*

JIBU: Bamba za kitasa zitavumilia, ingawa asidi hiyo inachoma ngozi na macho na hatuipendi mikononi mwa mtu asiye na glavu. Springi, hapana. Asidi ikishapita kutu inaanza kula chuma chenyewe na kutoa haidrojeni, na sehemu ya hiyo haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe kikavu kama kioo. Springi inatoka ikiwa safi, unaipongeza, unaifunga, na baada ya siku chache inakatika yenyewe, hata gari likiwa limeegeshwa. Kadiri chuma kilivyo kigumu ndivyo kinavyoumia, na waya wa springi ni mgumu kuliko karibu kila kitu kingine mlangoni. Springi isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Ikiwa ina vishimo vya kutu unavyovisikia kwa ukucha, itupe. Hakuna usafi utakaoviondoa.

Kwa Mikindani, kama unaweza kupata waya wa springi usioshika kutu, utumie. Kwa springi ya kuzunguka, ugumu wake unapungua kwa asilimia chache tu ukilinganisha na wa kaboni wa unene uleule, na mkono hautaona tofauti. Joto la kuutuliza ni la juu zaidi, karibu nyuzi 350. Hapo usifuate ile ishara ya manjano ya msumari. Acha ufike bluu, uendelee hadi bluu ianze kufifia kuwa kijivu.

Na oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiimimine kwenye kitasa. Inashika mchanga, na mchanga ndani ya mafuta ni msasa. Zibua tu matundu ya chini ya mlango yaliyoziba kwa matope, ili maji ya mvua na ya kuoshea yatoke. Kitasa kinachokaa juu ya maji yaliyotuama hakiokolewi na grisi ya aina yoyote.

SWALI: Volkswagen Beetle yangu inahitaji kupigwa mlango kwa nguvu ndipo ufunge. Ninunue springi mpya?
*Msomaji, Masasi*

JIBU: Usinunue chochote bado. Beetle yenye mipira mizima haivuji hewa kirahisi, na mlango wa mwisho kufungwa unapambana na hewa iliyobanwa ndani. Shusha kioo sentimita mbili, ufunge mlango kwa nguvu ya kawaida. Ukikubali, gari lako ni zima na mipira yake ni mizuri. Zoea kushusha kioo kidogo. Ukikataa hata kioo kikiwa chini, ndipo upake chaki kwenye ulimi kama tulivyomweleza dada wa Nachingwea.